Siku Baba Alipomtaja Mkwewe

Baba yangu, Mikidadi, hakuogopa nguruwe wala nyoka, na aliweza kukaa porini peke yake mwezi mzima akilinda mahindi bila kulalamika. Alichokiogopa ni meza. Mweke mtu nyuma ya meza, mpe karatasi na kalamu, kisha mwambie Baba aingie ndani aulizwe maswali. Hapo ulimi wake hukauka, kijasho chembamba humtoka, na hata jina lake mwenyewe huanza kulitafuta. Watu wa Chunyu walimcheka kwa hilo miaka mingi. Mimi sikuwahi kumcheka, kwa sababu nilipopata akili ya kuelewa mambo nilikuwa nimeshamkasirikia.

Mengi ninayoyaeleza hapa niliambiwa na Mama, na mengine na Babu Amri, ambaye ni mjomba wa Mama. Ya mwisho niliyaona kwa macho yangu.

Kwao Baba ni Kilimarondo. Alipomwoa Mama, aliyeitwa Mwanawetu, alihamia kwa wakwe zake Chunyu, kama wanaume wa kwetu walivyofanya. Mwanaume alijenga kwa mkewe, akalima shamba la wakwe, akala alichopakuliwa na kusema alipoulizwa. Wengine huzoea, wakapata marafiki na kuanza kutaniana na kila mtu. Baba hakuzoea. Ndugu zake walikuwa mbali, na alikuwa mpole kiasi kwamba watu walisahau kumsalimu. Jioni alikaa nje ya nyumba yetu akisuka ungo ambao hakuna aliyemwomba asuke.

Na kulikuwa na mkwe. Huyo Babu Amri, ndugu wa tumbo moja na Bibi yangu Mwamini, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu. Kwetu mkwe wa namna hiyo hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Huli naye, hukai naye mkeka mmoja, na jina lake hulitamki hata awe hayupo. Hali hiyo huendelea mpaka siku mwenyewe atakapokuita mle sahani moja, na kwa kawaida hakuiti mpaka umezaa watoto watatu au wanne. Baba na Mama walikuwa na mimi tu, Fatu. Basi kwa miaka sita Baba alikuwa mtu wa kuingia majanini.

Mwaka 1947 wazungu wa mradi wa karanga wakafika Nachingwea na matrekta yao. Kila mwanaume mwenye miguu miwili alikwenda kuomba kazi. Baba naye akaenda, maana alikuwa amesoma miaka minne na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alitaka kujifunza trekta. Akaingizwa chumbani, akaulizwa jina, akanyamaza. Akaulizwa mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu walimwonyesha mlango. Alitembea siku mbili kurudi Chunyu, na alipoulizwa imekuwaje, alisema nafasi zimejaa.

Mwaka uliofuata akaenda tena, safari hii kuomba kazi ya stoo. Alikuwa ameapa kwamba hatanyamaza, na kweli hakunyamaza. Kila alichoulizwa alijibu ndiyo. Unajua kusoma? Ndiyo. Una mke? Ndiyo. Umewahi kuiba? Ndiyo. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa kwenye foleni mlangoni akasikia, na habari ilifika Chunyu kabla ya Baba. Kwa miezi mingi watoto walimfuata wakimuuliza kama amewahi kuiba, nao wenyewe wakijijibu ndiyo. Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka, lakini aliniambia nusura acheke.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuacha. Hakuacha kwa sababu ya nyumba. Babu Amri alikuwa amepeleka neno kupitia kwa Bibi: Mikidadi akipata kazi yenye nyumba, amchukue mke wake na mtoto waende; bila nyumba, haondoki mtu. Baba alilishika neno hilo. Alitaka mahali ambapo atafungua mlango wake, atamwita mkewe kwa sauti, na atakula akiwa amekaa anapotaka. Mama naye alitaka. Aliniambia kwamba Chunyu alikuwa na mume nusu, nusu nyingine imefichwa mahali, na alitaka kumwona mzima.

Mwishoni mwa mwaka 1949 zikaja habari kwamba reli inatafuta walinzi wa vituo vidogo vya porini. Awe mtu anayejua kusoma, wa kupokea simu, kupeperusha bendera na kuwasha taa. Kila kituo kina nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Watu wengi hawakuitaka kwa sababu ya upweke. Baba aliposikia vyumba viwili hakulala.

Kulikuwa na jirani yetu Mkatoliki, Saturnini, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja Nachingwea na alikuwa amekuja kwao likizo. Baba akamfuata, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu msaada tangu ahamie. Saturnini akamwambia, "Kaka, wewe kosa lako ni heshima. Unaingia unatazama chini kama uko kwa wakwe. Mzungu akiona hivyo anafikiri una jambo unalificha. Mtazame machoni, jibu upesi, na jibu kila swali hata kama hulipendi. Ukinyamaza tu, umekwisha."

Baba akarudi akamweleza Mama, na Mama ndiye aliyeshika kazi. Kila siku walipokuwa shambani kwenye dungu, kile kichanja cha mlinzi, wakilinda mahindi yasiliwe na nguruwe, Mama alikigeuza kinu, akakikalia, akakunja uso, na akawa mzungu. Baba alishuka dungu, akapiga hodi hewani, akaingia. "Nitazame," Mama alisema. Baba alitazama miguu yake. "Nitazame, Baba Fatu. Mimi si mama yako." Siku za kwanza alitetemeka hata mbele ya mkewe mwenyewe. Mama alimrudisha mlangoni, yaani kwenye kisiki, mara kumi, mara ishirini.

"Jina lako?"

"Mikidadi bin Abdala, bwana."

"Kwa nini unataka kazi hii?"

"Nina mke na mtoto, bwana, na mimi ni mtu wa kukesha."

"Mkeo anapika vizuri?"

"Chumvi anazidisha, bwana."

Mama akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kinu. Aliponisimulia hayo alikuwa mke wa mtu mwingine tayari, na alinisimulia akiwa amenipa mgongo anachambua ufuta. Alisema miezi mitatu ile ndiyo ilikuwa ndoa yake. Baba alijifunza kumtazama machoni, akajifunza kujibu upesi, na mwishowe akawa anajibu hata kabla swali halijaisha, mpaka Mama akamkataza.

Alikwenda Nachingwea mwezi wa tatu, mwaka 1950. Mama alimfungia mihogo ya kuchemsha na kumwambia neno moja tu, usinyamaze.

Sasa Babu Amri alikuwa tarishi wa boma hapo Nachingwea, Chunyu akirudi siku za mapumziko, na Kiingereza alikijua. Reli walikuwa na mkalimani wao, ila siku ile alishikwa na homa, wakaenda kumwazima Babu bomani kwa asubuhi moja. Baba hakujua. Babu naye hakuwa na orodha ya majina. Mlango ukafunguliwa, Baba akaingia kichwa juu, macho mbele kama alivyofundishwa, na mtu wa kwanza kukutana naye uso kwa uso akawa mkwewe, ameketi pembeni ya mzungu.

Babu aliniambia kwamba yeye mwenyewe alitaka ardhi ipasuke. Angeweza kusimama na kutoka nje, lakini angemwambiaje mzungu? Akatazama dirishani ili kumpa mwenzake nafasi ya kupumua. Baba alikuwa ameshainamisha kichwa, na uso wake, Babu alisema, ulikuwa na rangi ya jivu. Mzungu akauliza jina. Babu akatafsiri akiwa ametazama dirishani. Kimya. Mzungu akauliza tena. Kimya. Mzungu akachukua karatasi ya Baba akaanza kuiweka upande wa waliokataliwa.

Hapo Baba akainua kichwa. Akamtazama Babu Amri machoni, akasema jina lake na la baba yake. Akaulizwa anatoka wapi, akajibu. Akaulizwa rangi za bendera na maana zake, akajibu. Taa ikizimika na treni iko karibu utafanya nini? Akajibu vizuri kuliko walivyotegemea, na akaongeza jambo la mafuta ya akiba ambalo mzungu aliliandika. Aliyajibu yote bila kumwacha Babu kwa macho hata kidogo, kwa sababu mkalimani ndiye aliyekuwa anamuuliza na yeye alifundishwa kumtazama anayeuliza. Babu alisema ilikuwa kama kuvuliwa nguo mbele ya watu, na papo hapo, anasema, alikuwa akiomba kimoyomoyo huyu mtu asikwame.

Likabaki swali moja. Mzungu aliuliza, "Nani hapa Nachingwea anakufahamu, anayeweza kusema kwamba wewe ni mtu mwema?"

Babu alichelewa kulitafsiri. Aliniambia alifikiri kulibadilisha, aulize kingine chochote, lakini alikuwa mtu wa boma na alikuwa ameapa. Akalitafsiri kama lilivyo. Baba hakuwa na mtu mwingine mjini. Saturnini alikuwa ameshahama na bwana wake. Na alikuwa ameambiwa ajibu kila swali hata kama halipendi.

"Amri bin Yunusi," akasema, akimnyooshea mkono. "Huyu."

Mzungu akashangaa, akamgeukia Babu, akamuuliza kama ni kweli. Babu akajibu kwa Kiingereza, na baadaye alinirudia kwa Kiswahili alichosema: namfahamu, anaishi na watu wangu, sijawahi kusikia neno baya juu yake. Mzungu akapiga muhuri. Kazi ikapatikana, pamoja na nyumba yenye vyumba viwili.

Baba alitoka, akaenda kukaa nyuma ya ghala la reli mpaka walipomwita. Walimpa funguo, bendera mbili na taa, wakamwambia treni ya vifaa inaondoka saa nane. Angeweza kuomba siku nne aende Chunyu kwanza. Wengine waliomba na walipewa. Yeye alipanda treni.

Hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia, kwa hiyo nisamehewe nikiongeza sauti. Kosa alilofanya Baba lilikuwa kubwa, sikatai. Kumtaja mkwe mdomoni mwake, na kumnyooshea mkono, mbele ya mzungu! Lakini si kosa lisilo na dawa. Kwetu jambo hilo linajulikana linavyotengenezwa. Mkosaji anakuja na mtu wa kumsemea, analeta kuku mweupe na kipande cha kaniki, anapiga magoti uani, anasema nilikosa. Mkwe anagusa kichwa cha kuku, kuku anachinjwa, wanakula. Inaisha. Na tena, wakishakula pamoja hivyo, ule mwiko wa kuingia majanini nao umekufa. Yaani Baba angetoka pale akiwa huru kuliko wanaume wote wa Chunyu.

Babu alikuja Chunyu Ijumaa iliyofuata. Akamweleza Bibi na Mama yote. Bibi akapiga makofi ya kushangaa akasema huyu mtu ametuaibisha. Babu akasema, "Alibanwa. Hata mimi nilibanwa. Mwacheni, atakuja." Akamwambia Mama afunge vitu vyake. Mama akafunga mikeka miwili, chungu, na nguo zetu. Mimi nilifungiwa kikapu changu mwenyewe, nakumbuka, na ndani yake niliweka bua la mtama nililokuwa nikilifanya mtoto.

Hakuja. Ufuta ukavunwa. Alituma vitenge na sukari kwa mkono wa mtu wa reli, bila neno lolote, na vitu bila mwenyewe havihesabiwi. Babu hakuweza kumfuata, kwa sababu aliyekosewa hamfuati aliyekosa. Mama hakuweza kwenda, kwa sababu angekuwa anaikanyaga heshima ya mjomba wake. Kila mmoja alikaa mahali pake pa haki. Mikeka ilikaa imefungwa pembeni ya mlango, tukawa tunaizunguka tukitoka na kuingia. Mwaka wa pili ufuta ukavunwa tena, Bibi akaifungua mikeka akisema inaliwa na mchwa. Baada ya hapo mambo yakapelekwa kwa shehe, ndoa ikavunjwa, na mwaka 1953 Mama akaolewa na mtu mwenye mikorosho, mtu mwema, anayesema sana.

Nilikwenda kumwona Baba mwaka 1959. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa nimeposwa, na Mama akasema kabla sijaolewa ni haki nimwone mzazi wangu. Treni ilinishusha porini asubuhi. Kituo hakikuwa na jina, kilikuwa na kibao cha namba tu, na watu wa reli walikiita Maili Sitini na Mbili. Pande zote ni miti ya miyombo. Mwanaume mwembamba mwenye kofia ya reli alikuwa amesimama na bendera ya kijani, na hakuishusha mpaka behewa la mwisho lilipotoweka. Kisha akanigeukia, na nikaona hanijui.

"Mimi Fatu," nikasema.

Alinikaribisha kwa adabu mno, kama mgeni wa serikali. Akanipa maji, akanipa kigoda, akafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa. Akanionyesha chumba cha kulala. Kilikuwa ni kile chumba cha pili, na ndani yake kulikuwa na kitanda cha kamba alichokitengeneza mwenyewe. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano. Niliweka mzigo wangu juu yake, na usiku nililala sakafuni, na hatukulizungumza.

Kesho yake simu ililia tukiwa tunakunywa uji. Akaenda akaishika. Nilimsikia akisema, kwa sauti kubwa na safi, "Maili Sitini na Mbili hapa. Laini iko wazi. Ndiyo. Hapana, hiyo imepita saa moja na robo. Sawa bwana." Alijibu bila kusita popote, kama mtu aliyezaliwa na simu mkononi. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba Baba hawezi kujibu. Nikashikwa na hasira pale pale na bakuli mkononi.

Alipokaa nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukuja?"

Macho yakashuka kwenye miguu yake. Nikaona jasho linatoka chini ya kofia. Niliuliza mara ya pili. Nilijua ninamfanyia nini, na sikuacha. Mwishowe akasema, "Nilimtaja jina."

"Lina dawa hilo. Kila mtu anajua."

"Nilinunua kuku," akasema. "Mara tatu. Mara moja nilifika mpaka mtoni Chunyu, nikaona moshi wenu. Nilikuwa nayajua maneno ya kusema. Nilipofika pale yakapotea yote. Nilikuwa nayasema hapa peke yangu, hakuna mtu wa kuniuliza." Akafuta uso. "Na nilisema moyoni, wameshanikataa. Mjomba wake hawezi kunisamehe jambo kama lile. Kama ni jibu, wameshalitoa."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Hakuna."

"Babu alikuwa anakusubiri. Alisema ulibanwa. Alimwambia Mama afunge mikeka, na akaifunga."

Baba akainua kichwa akanitazama machoni. Sijui kama alikuwa amemtazama mtu yeyote hivyo tangu siku ile ya muhuri.

"Alisubiri?"

"Mavuno mawili," nikasema.

Alivua kofia akaiweka gotini. Nje kulikuwa na upepo tu. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga njia nzima ndani ya treni, na nikaona siyahitaji tena, na hasira yangu ikanitoka, na nikatamani niyarudishe hata yale machache niliyoyasema.

"Mwanawetu alisubiri?" akauliza tena.

"Mavuno mawili, Baba."

Akatikisa kichwa polepole, akachukua bakuli langu na lake akaenda kuyaosha. Aliporudi alikaa pale pale, akaniuliza swali lile lile mara ya tatu, na mimi nikamjibu.